Ngazi Tatu, Ankara Mbili

Shangazi yangu anaingia mwaka wa tisa akitumia kiti cha magurudumu, na katika muda huo nimelazimika kujifunza kuyatazama majengo upya, ingawa kuyatazama majengo ndiyo kazi inayonilisha. Mimi ni mkadiriaji majenzi. Futi haikosekani kwenye mkoba wangu. Mwezi uliopita nilimsindikiza kwenye ofisi moja ya umma jijini Dar es Salaam kwa ajili ya uhakiki wa pensheni. Ofisi yenyewe iko chini, haina ghorofa, na mtu angedhani safari ingekuwa nyepesi, ila kati ya maegesho na mlango zipo ngazi tatu. Mlinzi alitutazama, akaweka kirungu chake chini, akapiga mluzi, na kabla sijafunga mlango wa gari wakawa wamefika vijana watatu wa bodaboda. "Shikamoo mama. Usiwe na wasiwasi, tunakubeba." Shangazi akaitikia marahaba, akabana kanga magotini, akafumba macho. Kijana wa kushoto alishika sehemu ya kukanyagia miguu, ambayo imetengenezwa ichomoke, nayo ikamchomokea mkononi wakati kiti kiko hewani. Shangazi hakuanguka. Alifikishwa mlangoni akiwa ameinamia upande mmoja, mtandio umemvuka, na foleni nzima imegeuka kumtazama.

Alipokuwa ndani nilizipima zile ngazi. Ya kwanza ilikuwa na kimo cha sentimita 13, ya pili 17, ya tatu 20. Jumla nusu mita. Jioni binti yake alinitumia video inayozunguka kwenye makundi ya WhatsApp, ya kiti cha magurudumu kinachopanda ngazi chenyewe huku mwenye kiti akitabasamu kama aliyekaa sebuleni kwake. Chini ya video aliandika: "Kaka, si tumchangie mama hiki?"

Ni swali la haki, na linastahili jibu lenye hesabu, kwa sababu viti vya namna hiyo vipo kweli na vinafanya kazi. Kilichojulikana zaidi kinaitwa iBOT, kazi ya mvumbuzi wa Marekani Dean Kamen, ambaye wengi wanamfahamu kwa Segway, ile pikipiki ya kusimama ya magurudumu mawili, bila kujua kwamba maarifa ya kujisawazisha yaliyomo kwenye Segway yalitoka kwenye kiti cha mtu mwenye ulemavu. iBOT ina jozi mbili za magurudumu makubwa zilizofungwa kwenye mhimili mmoja kila upande. Kiti kinapofika kwenye ngazi, jozi ya nyuma inashika kidato na jozi ya mbele inazunguka juu yake kukamata kidato kinachofuata, na wakati wote gairoskopu na kompyuta zinapima mwinamo wa kiti na kuurekebisha kabla mwili haujahisi. Kinaweza pia kusimama juu ya magurudumu mawili tu, mtu akapanda juu mpaka macho yake yakalingana na ya aliyesimama mbele yake. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilikiruhusu mwaka 2003. Bei ilipita dola 20,000.

Kilichofuata ndicho ninachotaka msomaji akikumbuke. Mwaka 2006 bima ya afya ya serikali ya Marekani kwa wazee na watu wenye ulemavu, Medicare, ilikubali kulipia kazi za kawaida za kiti hicho, yaani zile ambazo kiti chochote cha umeme kinazifanya, na ikakataa kulipia kupanda ngazi na kujisawazisha. Mnunuzi akaambiwa ajazie mwenyewe tofauti, na tofauti yenyewe ilikuwa sehemu kubwa ya bei. Mwaka 2009 kiti kiliondolewa sokoni. Hakikuondolewa kwa kushindwa kupanda ngazi. Mwaka 2014 Mamlaka ya Chakula na Dawa ilivishusha viti vya kupanda ngazi kwenye daraja la masharti mepesi zaidi, na mwaka 2019 iBOT ikarejea kupitia kampuni nyingine, Mobius Mobility. Katika nchi tajiri kuliko zote, mashine nzuri ilikaa nje ya soko kwa miaka kumi kwa sababu haikupatikana mfuko wa kulipia ngazi.

Upande wa Ulaya, wanafunzi wa Zurich, Uswisi, walishika njia nyingine: kiti chenye minyororo ya mpira chini yake kama ya katapila, kinacholala juu ya kingo za ngazi na kutambaa. Mwaka 2016 walikishindanisha kwenye Cybathlon, mashindano yaliyoanzishwa na chuo cha ETH Zurich, ambako watu wenye ulemavu hushindana wakitumia vifaa saidizi na ambako ngazi ni mojawapo ya vikwazo kwenye mbio za viti vya umeme. Kutoka mradi huo ikazaliwa kampuni ya Scewo. Kumwona mtu akishuka ngazi kwa kiti kama hicho ni jambo la kutia moyo, na sina nia ya kulibeza.

Lakini turudi kwenye sentimita 13, 17 na 20. Kidato, neno lile lile tunalohesabia madarasa ya sekondari, kinapaswa kulingana na wenzake wote kwenye ngazi moja. Kwetu hakilingani, na sababu yake anaijua kila fundi mwashi. Ngazi humwagwa zege mapema, jengo likiwa bado gofu. Miezi baadaye, au miaka, pesa zikipatikana, inapangwa marumaru juu ya udongo wa saruji: sakafu ya nje inapanda sentimita kadhaa na kumeza sehemu ya kidato cha kwanza, na sakafu ya ndani nayo inapanda sentimita kadhaa na kukirefusha kidato cha mwisho. Watu wanaotembea hujikwaa hapo kila siku na kulaumu viatu. Mashine haina viatu vya kulaumu. Watengenezaji wa vifaa vya kupanda ngazi huweka mipaka ya kimo na upana wa kidato, na kiti cha minyororo kinahitaji kingo kadhaa zilizo kwenye mstari mmoja ili kilale sawasawa. Kikikuta ukingo mmoja umechomoza kuliko mingine, kinabembea juu yake. Ngazi za kuzunguka kona, zile ambazo kidato kina umbo la kipande cha keki, ndizo mbaya zaidi, na nyumba zetu za ghorofa zimejaa hizo kwa sababu zinaokoa nafasi.

Kwa hiyo hata tungechanga, na ukoo mzima ukauza viwanja, kiti cha kwenye video kingefika mbele ya ofisi ile na mwongozo wake ungemwambia shangazi asithubutu.

Hapo ndipo ankara mbili zinapojitokeza. Kila urefu unaomzuia mtu una gharama yake, na gharama hiyo inaweza kulipwa na aliyejenga, mara moja, kwa ajili ya kila atakayepita, au na anayepita, kila siku, kwa ajili yake peke yake. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu wa mwaka 2006 unazitambua zote mbili: ibara ya 9 inazitaka nchi zitambue na kuondoa vikwazo kwenye majengo, barabara na usafiri, na ibara ya 20 inazitaka ziwawezeshe watu kupata vifaa bora vya kutembelea kwa gharama wanayoimudu. Kenya iliuridhia mwaka 2008, Tanzania mwaka 2009, na mwaka uliofuata Tanzania ikatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imeziweka ankara hizo ndani ya ibara moja, ya 54: aya moja inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kufika mahali popote na kutumia usafiri wa umma kwa kiwango cha kuridhisha, na aya nyingine inampa haki ya kupata vifaa vya kumsaidia kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Walioandika walijua kwamba haki moja haiwezi kuziba pengo la nyingine.

Kwenye utekelezaji tumeshika ankara ya pili na kuiacha ya kwanza mezani. Sababu si ngumu kuiona. Kiti kinakabidhiwa, kinafungwa utepe, kinapigwa picha. Mteremko wa zege haupigi picha nzuri na hauna jina la mfadhili ubavuni. Nimehudhuria hafla ya kukabidhi viti mwendo katika ukumbi ambao ulikuwa na ngazi mlangoni, na waliokuja kupokea walibebwa kuingia ili wapewe kifaa cha kuwafanya wasibebwe. Sisemi viti vimetosha. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 80 duniani wanahitaji kiti cha magurudumu, na ripoti yake ya mwaka 2022 pamoja na UNICEF ilionyesha kwamba katika baadhi ya nchi maskini ni asilimia 3 tu ya wanaohitaji vifaa saidizi wanavyo, wakati nchi tajiri zinafika asilimia 90. Viti havitoshi hata kidogo. Ninachosema ni kwamba kiti bila mteremko kinampeleka mtu mpaka mguuni pa ngazi na kumwacha hapo.

Sasa mteremko wenyewe. Kiwango kinachotumika sana, na ambacho Marekani imekiandika kwenye masharti yake ya ujenzi, ni moja kwa kumi na mbili: kila sentimita moja ya kupanda inadai sentimita 12 za mwendo. Namba hiyo haikutungwa ili kuwasumbua wasanifu. Mtu pamoja na kiti chake wakiwa na kilo 90, kwenye mwinamo huo mikono inafanya kazi sawa na kushikilia mzigo wa kilo saba na nusu usirudi nyuma, kwa urefu wote wa mteremko. Ufupishe mteremko uwe moja kwa nne, kama ninavyoona kwenye majengo mengi, na mzigo unapanda hadi karibu kilo 22. Na kwa kuwa uzito wa mtu kwenye kiti uko karibu kabisa na ekseli ya nyuma, magurudumu madogo ya mbele yanaanza kuinuka. Mtu anayejaribu kuupanda peke yake anaweza kuanguka chali. Miteremko ya namna hiyo imejengwa kwa ajili ya mkaguzi. Imepakwa rangi, ina alama ya kiti cha magurudumu, imewekewa marumaru zinazoteleza mvua ikinyesha, na kwa vile hakuna anayeweza kuitumia, baada ya miezi miwili imekuwa maegesho ya pikipiki na mahali pa kuwekea vyungu vya maua.

Hesabu hiyo hiyo ndiyo inayoonyesha mteremko unaishia wapi. Kwa nusu mita ya ofisi ile unahitaji mita sita, jambo linalowezekana. Kwa ghorofa moja ya mita tatu unahitaji mita 36, bila kuhesabu sehemu bapa za kupumzikia, ambazo masharti ya Marekani yanazitaka kila mtu anapokuwa amepanda sentimita 76. Huo si mteremko tena, ni barabara, na kiwanja cha kawaida cha mjini hakina pa kuiweka. Zaidi ya mita moja hivi, anayeng'ang'ania mteremko anapoteza pesa na nafasi. Hapo mashine inaingia kwa haki yake.

Mashine hizo ni nyingi kuliko zinavyofahamika kwetu, na zenye manufaa zaidi ni zile zisizofaa kwa video. Ipo lifti ya jukwaa, sahani yenye uzio inayopanda wima kwa kimo kifupi au kutambaa kwenye reli kando ya ngazi, mtu akiwa juu ya kiti chake. Kipo kiti cha reli, ambacho mtu huhamia akapandishwa ghorofani. Wamarekani walikuwa tayari wanavitengeneza katika miaka ya 1920, hivyo tusikiite teknolojia ya kesho. Kuna pia mashine ndogo ya betri inayofungwa nyuma ya kiti cha kawaida na kuendeshwa na msaidizi: inainua kiti kidato kimoja baada ya kingine, na msaidizi anashika mizani tu. Kwa jengo la zamani lenye ngazi nzuri na bajeti ndogo, hii ya mwisho ingekuwa chaguo langu la kwanza, kwa sharti kwamba watu wawili au watatu wa pale wafundishwe kuitumia na wafundishwe tena wanapohamishwa.

Sharti hilo ndilo linaloua vifaa vingi. Lifti ya jukwaa niliyoikuta kwenye jengo moja, ambalo sitalitaja, ilikuwa nzima na mpya. Ilikuwa imefungwa kwa ufunguo, ufunguo uko kwa mhudumu, mhudumu yuko likizo, na juu ya sahani palikuwa na maboksi ya karatasi za kuchapia. Siku nyingine umeme ungekuwa umekatika na jenereta ingekuwa imeunganishwa na ofisi za wakubwa tu. Anayenunua lifti anapaswa kuingiza kwenye zabuni ile ile betri ya akiba, vipuri vya miaka mitano na mkataba wa fundi atakayefika ndani ya siku mbili. Na nikiwa mtu wa kukadiria, naweza kushuhudia kwamba vipengele hivyo vitatu ndivyo vinavyofutwa kwanza bajeti inapopunguzwa. Mteremko una sifa moja ambayo hakuna mashine iliyo nayo: haujui kukatika kwa umeme.

Upande wa nyumbani mambo yanageuka kidogo. Jengo la umma linahudumia maelfu, kwa hiyo anayelijenga alipe. Nyumba inamhudumia mtu na familia yake, na hapo kifaa cha mtu binafsi kina hoja yenye nguvu. Hata hivyo, kuna nchi ambazo hazikumwachia mwenye nyumba ankara yote. Uingereza ina ruzuku ya halmashauri kwa ajili ya kurekebisha nyumba ya mtu mwenye ulemavu, inayofika hadi pauni 30,000 katika England kwa kuangalia kipato, na viti vya reli na miteremko ni miongoni mwa mambo inayolipia. Kwetu ruzuku ya namna hiyo ni mtoto aliyehama kutoka chumba chake cha chini kumpisha mzazi, na ni fundi wa kuchomelea wa mtaani. Simdharau fundi huyo. Kwa shilingi chache alimtengenezea shangazi mteremko wa bati nene lenye vinundu, wa vipande viwili vinavyobebeka, ili avuke kizingiti cha mlango wa uani, na umedumu kuliko kiti chenyewe. Moshi, kwenye TATCOT, chuo cha mafundi wa viungo bandia na vifaa saidizi pale hospitali ya KCMC, na Mombasa, kwenye karakana za Bombolulu, utaalamu wa kutengeneza viti vinavyofaa ardhi yetu umekuwepo kwa miongo mingi. Ufundi tunao. Kinachokosekana ni mtu wa kumwagiza fundi kazi nyingine zaidi ya kiti.

Nakijua kipingamizi kitakachokuja, kwa sababu nimekisikia nyumbani kwetu: mbona watu wapo? Sisi hatukosi mikono. Mlinzi alipiga mluzi na vijana wakaja mbio, wakakataa hata pesa ya soda. Ni kweli, na nisingependa kuishi katika mji ambao mlinzi hapigi mluzi. Ila wema huo umegeuka kuwa sehemu ya ramani ya jengo. Msanifu anapochora ngazi tatu bila mteremko, amekwisha kuwahesabu vijana wale kama nguzo, bila kuwalipa na bila kumuuliza anayebebwa. Na anayebebwa ana la kusema. Mwanamke mtu mzima aliyejistiri anashikwa na wanaume asiowajua, mapajani na kwapani, mbele ya foleni. Shangazi hunywa chai nusu kikombe siku ya safari ili asije akahitaji choo, kwa maana chooni nako kuna kizingiti. Mambo hayo hawezi kumweleza kijana aliyemsaidia kwa moyo safi, basi anasema ahsante.

Marekani alitokea mtu aliyekataa kusema ahsante. George Lane, mtumiaji wa kiti cha magurudumu, aliitwa kwenye mahakama ya wilaya ya Polk, jimbo la Tennessee, kwa kesi iliyosikilizwa ghorofani katika jengo lisilo na lifti. Mara ya kwanza alitambaa ngazi zote kwa mikono. Mara ya pili alikataa kutambaa na akakataa pia maofisa wambebe, akakamatwa kwa kosa la kutofika mahakamani. Shauri lake lilifika Mahakama ya Juu, na mwaka 2004, kwa kura tano dhidi ya nne, majaji waliamua kwamba jimbo linaweza kushtakiwa kwa kumzuia mtu asiifikie mahakama. Miaka kumi na minne kabla, Machi 1990, wanaharakati waliviacha viti vyao chini na kutambaa kwenye ngazi za bunge la Marekani, miongoni mwao msichana wa miaka minane, na Julai mwaka huo sheria kubwa ya haki za watu wenye ulemavu ikasainiwa. Hakuna aliyetambaa pale akidai mashine ya kupanda ngazi. Walitaka majengo.

Tusidhani lakini kwamba sheria ikisainiwa ngazi zinayeyuka. Mwaka 2022 mamlaka ya usafiri ya New York ilikubali, baada ya kushtakiwa, kwamba asilimia 95 ya vituo vya treni za chini ya ardhi visivyofikika vitawekewa lifti au miteremko ifikapo mwaka 2055. Kutoka 1990 hadi 2055 ni miaka 65. Hiyo ndiyo bei ya kujenga kwanza na kufikiri baadaye, na sisi ambao sehemu kubwa ya miji yetu bado haijajengwa tuna fursa ambayo New York haiwezi kuinunua.

Mfano wa kufikiri kwanza tunao hapa hapa. Mabasi ya mwendokasi ya Dar es Salaam yalipoanza mwaka 2016, vituo vilijengwa vikiwa vimeinuliwa usawa wa sakafu ya basi. Urefu wa basi haukutatuliwa kwa mashine. Ardhi ilipandishwa ikakutana nalo, mteremko ukawekwa mwanzo wa kituo, na kinachobaki ni pengo la kuvukwa mlangoni, ambalo dereva makini hulipunguza na dereva mwenye haraka hulipanua. Msongamano wa abiria ni kikwazo kingine, na asubuhi ni kikubwa kuliko ngazi yoyote. Ila kimo kilimalizwa kwenye karatasi ya mchoro. Linganisha na daladala, ambapo kuipanda ni kuinua mguu juu sana huku konda akipiga bati.

Lazima pia tuzitendee haki ngazi zetu, kwa maana hazikuwekwa kwa ukatili. Ukitembea Kariakoo au Mji Mkongwe wa Zanzibar utaona sakafu zimenyanyuliwa juu ya njia, na baraza mbele ya nyumba. Kinga ya kwanza ilikuwa dhidi ya maji. Masika yakifurika na mitaro ikiwa imeziba, duka lililo usawa wa barabara linalala majini. Mtu anayemwambia mwenye duka ashushe sakafu bila kuzungumzia mtaro anamwambia achague kati ya mteja mwenye kiti na unga wake. Kwa hiyo ufikikaji wa mji wa pwani unaanzia kwenye mifereji: maji yakipewa njia, nusu mita inaweza kuwa sentimita 15, na sentimita 15 zinadai chini ya mita mbili za mteremko. Mji Mkongwe, ulio kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 2000, una ugumu wake, kwa kuwa huwezi kubomoa baraza ya karne ya kumi na tisa. Mteremko wa kuweka na kuondoa, na mashine ya kuendeshwa na msaidizi, ndivyo ninavyoona vipewe pesa kwanza.

Kuna kimo kingine kinachosahaulika kwa sababu hakina ngazi: kaunta, kabati, kitufe cha lifti, mashine ya kutolea pesa. Shangazi alipofikishwa ndani ya ofisi ile, karani alizungumza na paji la uso wake. Viti vinavyoinua kikalio vipo, na mwaka 2023 ile ile Medicare iliyoikatalia iBOT ilikubali, baada ya miaka ya kudaiwa, kulipia kifaa cha kuinua kikalio kwenye viti vya umeme kwa wanaokidhi masharti. Ni hatua njema. Hapa kwetu seremala angekata kipande cha kaunta chenye upana wa mita moja na kukishusha mpaka usawa wa meza ya kulia chakula, kazi ya mchana mmoja.

Nilimjibu binti wa shangazi kwa simu, na nilimwambia kwamba pesa za kuchanga, kama zipo, tununue kwanza kiti cha kawaida chenye sehemu ya kukanyagia inayofungwa kwa pini, halafu tutazame ngazi. Kisha nikakaa na karatasi. Mteremko wa mita sita ukikunjwa mara mbili, mita tatu kwenda na mita tatu kurudi, wenye upana wa mita 1.2 na sehemu bapa ya mita moja na nusu kwenye kona, unakaa ndani ya eneo la mita nne na nusu kwa mita mbili na sentimita 40. Ni dogo kidogo kuliko maegesho ya gari moja. Zege, nondo, vishikio vya bomba na sakafu iliyokwaruzwa isiteleze, nilivikadiria bila faida na nikapeleka mchoro kwa ofisa husika, aliyenipokea kwa heshima na kuniuliza maswali ya maana. Gharama haikumshtua. Alisimama nami dirishani tukatazama nje, mahali pekee ambapo mteremko ule ungeweza kukaa, palipokuwa na gari jeupe chini ya kivuli, mbele ya kibao chenye cheo cha mtu. Akasema suala hilo litahitaji kikao. Uhakiki ujao ni mwezi wa kumi na moja, na vuli itakuwa imeanza.